Kidole cha mguu kinauma usiku na hukujikwaa: kabla hujamtafuta mchawi, soma hii

Kidole cha mguu kikianza kuuma, swali la kwanza si "ninywe dawa gani", ni hili: nilijikwaa ao sikujikwaa? Siku hizi namuuliza hivyo kila mtu anayenilalamikia miguu, majirani, wamama wa kanisani, mamotari wa kona yetu, juu naona watu wengi sana hapa Goma wanaenda moja kwa moja farmasi, wanauziwa diklofenaki mbili tatu zilizokatwa kwenye plakete, wanameza, maumivu yanapoa, yanarudi, wanameza tena, na hakuna aliyewahi kukiangalia hicho kidole vizuri. Inabidi mtu akae chini, avue kiatu, atafute ni wapi hasa panauma, palianza lini, pamevimba ao hapana, panawaka moto ao pamekufa ganzi. Dawa inakuja baada ya hapo.

Waliojikwaa ni wengi na inaeleweka. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ulipopoa watu wakajenga tena palepale juu yake, na mpaka leo kuna avenyu ukitoka tu kwenye lango la parseli unakanyaga lava tupu, nyeusi, yenye meno. Watoto wanapigia mpira hapo na kambambili miguuni ao bila kitu, mama anapanda na bidoni ya maji haoni anapoweka mguu, kijana anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, yenye magunia na gurudumu linampita kidoleni. Ukijigonga hivyo, siku ya kwanza na ya pili kazi si kubwa: kitambaa cha maji baridi kama dakika 15, unapumzisha, unarudia, unalala mguu ukiwa juu ya mto, parasetamoli kama inauma sana. Na kama kilichovunjika ni kimoja kati ya vile vidogo vinne, mara nyingi hata hopitali watakifunga tu pamoja na jirani yake, unaweka pamba kidogo katikati ya vidole viwili ili ngozi isilowe ikachubuka, unazungusha sparadra bila kukaza, na mfupa unaunga wenyewe kwa wiki 4 hadi 6. Kiatu chenye soli ngumu kinasaidia kuliko kambambili inayojikunja.

Kidole kikubwa ni habari nyingine. Hicho ndicho kinachosukuma mwili mbele kila hatua, kina mifupa 2 tu wakati wenzake kwa kawaida wana 3, na kikiunga vibaya utachechemea miaka, kwa hiyo kikivimba sana ukashindwa kukikanyagia, lipa radio, ile picha ya mifupa, usizionee huruma hizo pesa. Vilevile kidole chochote kilichopinda upande, kilichochanika hadi nyama inaonekana, ao kilichobaki cha baridi na kupauka, hicho si cha kufungia nyumbani. Kidonda cha jiwe kioshwe kwa maji safi na sabuni, halafu ukumbuke chanjo yako ya mwisho ya tetanosi ilikuwa lini, watu wazima wengi hawajui kabisa. Damu ikijikusanya chini ya ukucha ikawa inadunda usiku kucha, enfirmie anaweza kutoboa tundu dogo kwenye ukucha siku hiyohiyo ao kesho yake na maumivu yakashuka palepale, lakini usijifanyie mwenyewe na wembe. Ukucha ukianguka usiogope, utaota tena, ila ule wa kidole kikubwa unachukua mwaka 1 hadi mwaka na nusu kurudi wote.

Sasa wale ambao hawakujikwaa. Hapa ndipo nataka tukae, juu hapa ndipo familia zinavunjika.

Baba yangu mdogo ni seremala kule Ndosho, mtu wa nguvu, amepita miaka hamsini. Usiku mmoja alilala mzima kabisa, kufika saa nane hivi akaamka anapiga kelele, kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kimevimba pale kinapoungana na mguu, ngozi imevutika inang'aa, ukiweka mkono karibu unasikia moto, na hata shuka likimgusa analia. Mtu mzima analia juu ya shuka. Asubuhi nyumba imejaa. Mama mkubwa ndiye alianza kuuliza.

— Ulijikwala wapi?

— Sikujikwala fasi yoyote, yaya. Nililala muzima.

— Basi hapo kuko mutu.

Na huyo mtu alipatikana haraka sana: jirani ambaye walikuwa na maneno juu ya mpaka wa parseli. Ikasemwa amemtegea dawa njiani naye akaikanyaga. Akaitwa mzee mmoja, akamchanja nyembe kuzunguka kidole, akapaka unga mweusi, akapewa pesa yake. Baada ya wiki moja na kitu, kweli, kidole kikapona, akarudi kazini. Ndipo kila mtu akaamini, na watoto wa ile nyumba ya pili wakaacha kusalimiwa.

Lakini ugonjwa wenyewe una tabia hiyo. Unaitwa jongo, hapa kwetu madokta wanasema guti, na shambulio lake huja ghafla, mara nyingi usiku, linafika juu kabisa ndani ya masaa 24, halafu hata usipoweka kitu chochote linajizima lenyewe ndani ya wiki 1 ao 2. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa karibu siku hizo, mchanjaji, mwombaji, muuza mafuta, ndiye anayepata sifa. Na aliyesingiziwa anabaki na jina baya milele. Hilo linaniuma kuliko kitu kingine chote katika habari hii, juu tunajua kuna watu wamefukuzwa kartie kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Miezi ikapita, ikarudi. Kidole kilekile, saa zilezile. Safari hii tukampandisha motari hadi hopitali, wakampima asidi yuriki kwenye damu, na egzame ikatoka: kawaida. Unaweza kuwaza nyumbani walivyosema. "Munaona? Hata mashine haioni kitu." Dokta ndiye aliyetutuliza, akasema wakati wa shambulio kipimo hicho kinaweza kushuka kikaonekana sawa kabisa, mrudisheni baada ya wiki kama mbili tatu maumivu yakiwa yameisha. Akaanza kumuuliza mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kumuuliza, anakunywa nini jioni, anakula nini, ana presha, anameza dawa gani, kwenye ukoo kuna mwingine wa miguu ya hivi. Hapo tukamkumbuka babu, ambaye wote tulimzoea na fimbo yake na vile vivimbe vigumu kwenye vidole, tukidhani ni uzee. Tuliporudi kupima, asidi ilikuwa juu sana.

Mambo yanavyoenda ndani ni hivi. Mwili ukivunja chembe zake zilizochoka pamoja na chakula unachokula, inabaki asidi yuriki, na kazi ya kuitoa ni ya figo kupitia mkojo. Ikipita kiasi, kama miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, haiyeyuki tena vizuri, inabaki kama sukari chini ya kikombe cha chai iliyopoa, na inageuka vijiwe vidogo vidogo vyenye umbo la sindano ndani ya kiungo. Chembe nyeupe za damu zinavishambulia hivyo vijiwe, na huo moto unaousikia ni vita vyenyewe. Kidole kikubwa kinaanza kuumia kabla ya vingine juu kiko mbali na moyo, ni cha baridi, na asidi hiyo inaganda upesi kwenye baridi. Usiku mwili nao unapoa na kupungukiwa maji. Si siri mpya. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona hizo sindano kwa hadubini yake mwaka 1679, na mwaka 1848 Mwingereza Alfred Garrod akaonyesha asidi yenyewe imejaa kwenye damu ya wagonjwa. Wanaume ndio wanaopata sana, wanawake mara nyingi baada ya hedhi kukoma.

Shambulio likija, mguu upumzike, juu ya mto, bila uzito wa blanketi, kitambaa baridi, maji mengi. Dawa zinazozima ni ibuprofeni ao naprokseni, ao kolshisini, ao prednisoloni ya siku chache, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, masaa ya kwanza. Lakini hapa nasema kwa nguvu: ibuprofeni na diklofenaki si pipi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbaya, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mimba, asimeze bila kuuliza. Kolshisini ukizidisha ni sumu, kuhara ni dalili ya kwanza. Na zile sindano za deksametazoni ambazo watu wanachomwa kila kidole kikiuma, zinapoza kweli, lakini ukizizoea zinapandisha sukari na kulegeza mifupa.

Hizo zote zinazima tu. Ya kuondoa mzizi ni alopurinoli, kidonge cha kila siku, kinaanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 100, kinapandishwa polepole hadi asidi ibaki chini ya 6. Watu wengi wanaiacha juu miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuongezeka, vijiwe vya zamani vikianza kuyeyuka, wanasema dawa imewaharibia. Vumilia, na dokta anaweza kukupa kolshisini kidogo ya kukusindikiza. Ila ukitokwa na upele mwilini baada ya kuianza, simamisha na urudi hopitali siku hiyohiyo, hilo halisubiri.

Na chakula chetu? Bia ndiyo ya kwanza kulaumiwa, si chupa moja ya sikukuu, ni ile ya kila jioni. Maini, figo na matumbo ya mbuzi, sambaza na ndagala zinazoliwa nzima nzima, juu samaki wa jamii ya sardini wana purini nyingi, ile kitu ambayo mwili unaigeuza asidi yuriki, na soda za sukari ambazo watu wanazisahau. Maharagwe na sombe (majani ya muhogo) usikatazwe, najua wagonjwa wengi wanakatazwa maharagwe na hapo hapo wanaachiwa mushikaki, wakati purini za mimea hazina madhara kama zile za nyama. Maziwa ni mazuri kwa huu ugonjwa, na hapa tunashukuru Masisi, nchi ya ng'ombe, iko karibu. Kuna jambo moja la kusema kwa heshima kwa wapendwa wa kanisani: kufunga kavu siku nyingi bila maji kunapandisha asidi na kunaweza kuleta shambulio katikati ya maombi, kwa hiyo mwenye guti aongee na mchungaji, afunge na maji ao kwa namna nyingine. Na mwenye presha anayemeza hidroklorotiazidi ajue kidonge hicho kinaweza kuongeza asidi, asikiache peke yake, amwambie dokta, zipo dawa nyingine za presha.

Baba mdogo alipopata karatasi yake ya laboratwari alifanya kitu kimoja ambacho sitakisahau. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akavuka hadi kwa yule jirani, akamsalimia, akamfungulia akamwonyesha. Wako pamoja tena, hata ule mpaka wa parseli wameumaliza mbele ya shefu wa avenyu.

Ila si kila kidole kilichovimba bila kujikwaa ni guti. Kiungo kikiwaka na mwili mzima una homa, hiyo inaweza kuwa mikrobi imeingia ndani ya kiungo, na hapo hatuongelei wiki, tunaongelea masaa, nenda. Na ukiona uvimbe uko pembeni ya ukucha, siyo kwenye kiungo, na kuna usaha, angalia ukucha wenyewe. Umeingia nyamani. Unatokana na kukata pembe za ukucha kwa mviringo ukitafuta urembo, na kiatu kinachobana mbele. Ukucha wa mguu unakatwa mnyoofu, usawa wa ncha ya kidole, pembe zinaachwa. Ukianza kuuma, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama dakika 15, mara kadhaa kwa siku, kausha, halafu kwa taratibu ingiza kipande kidogo sana cha pamba chini ya pembe ili uinuke juu ya nyama, ubadilishe kila siku. Ukishindwa, hopitali wanatoa kile kipande cha pembeni tu kwa ganzi, ukucha mzima haung'olewi siku hizi bila sababu.

Kuhusu viatu nitasema kifupi ingawa wadada hawatapenda. Lile nundu linaloota upande wa ndani wa kidole kikubwa hadi kidole kinalalia wenzake, mara nyingi linatoka kwenye ukoo, ila kiatu chembamba cha mbele kinalichochea. Ukienda kuchagua chagua viatu pale soko la Birere, nenda mchana umeshapita, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyovimba kila siku, jaribu miguu yote miwili, simama, na hakikisha upana wa kidole gumba cha mkono unabaki mbele ya kidole kirefu. Kama maumivu yako yanachoma kati ya kidole cha tatu na cha nne kana kwamba umekanyaga changarawe iliyo ndani ya soksi, huo ni mshipa wa fahamu umebanwa, viatu vipana na laini vinaupumzisha, kisigino kirefu kinautesa.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za sakafu ya udongo, na ndugu zetu waliopita kambini, muwasho na maumivu karibu na ukucha, na doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, ni mavunja (funza). Hicho kiroboto hakikuwa cha Afrika, kilifika Ambriz, Angola, mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, kikatembea na misafara kikavuka Kongo yote hadi pwani ya mashariki kabla karne haijaisha. Tafadhali, pini moja isizunguke miguu ya watoto watano, hapo tunagawana virusi vya ukimwi na hepatiti. Kuna mafuta ya dimetikoni ambayo yanakiua kwa kupaka tu bila kuchokoa, ulizeni kituo cha afya.

Wenye sukari wana sheria yao. Vidole vikiwaka moto usiku, vikichomachoma, halafu polepole vikafa ganzi, ni mishipa ya fahamu inaharibika, na kidole kisichouma tena ndicho cha kuogopa zaidi, juu unaweza kujikata kwenye lava asubuhi ukaona damu jioni. Kila usiku angalieni miguu, juu, chini, kati ya vidole, asiyeweza kuinama amwombe mtoto amwangalizie. Maji ya moto mpime kwa kiwiko. Hata kidonda kidogo namna gani, nendeni hopitali siku hiyohiyo.

Na kuna wale ambao hawawezi kusema wapi panauma. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 hivi akivimba vidole vya miguu na vya mikono kwa pamoja, analia ukimgusa, hataki kusimama, si kwamba ameanguka na hakuna aliyemwangalia kwa jicho baya. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya kwanza ambayo ugonjwa wa SS (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) unajionyesha, na ugonjwa huo uko sana katika Kongo yetu. Mnyonyeshe, mpe maji kama ameshaanza kunywa, mfunike apate joto, usimweke barafu wala kitambaa baridi juu baridi inambania damu zaidi, na mpeleke, uombe wazi wapime SS, usikubali kurudishwa na siro ya homa peke yake.